Bastola ya Babu

Marehemu babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba moja mjini Tanga, minazi michache, na bastola. Nyumba na minazi vilikwisha pata wenyewe zamani. Bastola ilikaa kwa baba yetu kwa kibali cha serikali, na baba alipofariki mwaka 2021 ikapelekwa kituo cha polisi, kwani silaha haigawiwi kama magunia ya nazi. Huko ndiko tulikoitazama kwa makini mara ya kwanza, ingawa habari zake tulizisikia tangu tungali chuoni.

Habari zenyewe ni hizi: ya kwamba Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na askari wao kutoka Bara Hindi, wakashindwa na majeshi ya von Lettow-Vorbeck, wakakimbilia merikebu zao na kuacha bunduki na risasi nyingi, babu aliiokota bastola hii mchangani, mali ya afisa mkubwa, tena ya fedha tupu. Kisa hiki tumekisimulia sana, wala hatukuona haya kukitia chumvi.

Kaka yetu mkubwa alitaka thamani yake ijulikane kabla ya hesabu ya mirathi kufungwa. Basi tukamwomba fundi wa bunduki mwenye leseni, akaja kituoni na tochi na kioo cha kukuzia.

Alichokitazama kwanza ni mpini, wala si maandishi. "Mpini huu una pembe," akasema. Bastola za Webley za jeshi la Uingereza za matoleo yaliyotangulia zilikuwa na mpini uliopinda mfano wa mdomo wa ndege. Mpini wa pembe, pamoja na mtutu wa inchi 6, ni wa toleo la sita, na toleo hilo lilikubaliwa jeshini mwaka 1915. Tukatazamana. Kisha akailaza tochi, mwanga ukapita upande upande juu ya chuma, na tarakimu zilizokuwa zimezibwa zikatoa kivuli: 1917. Yaani siku babu aliposemekana kuiokota, bastola ilikuwa haijafuliwa!

Palikuwa na alama nyingine, vishale viwili vilivyoelekezana ncha. Kishale kimoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza; viwili vinavyokabiliana hivyo vyaonyesha kwamba mali hiyo imetolewa katika milki ya serikali na kuuzwa.

Na ile fedha? Ni nikeli. Webley za jeshi zilitoka kiwandani Birmingham zikiwa na weusi wa kibuluu, na nikeli hii iliwekwa baadaye na mkono usio na subira. Imefunika hata kinyundo na kifyatulio, imejaa ndani ya herufi, na kona za chuma zimekuwa butu kwa kusuguliwa kabla ya kuchovywa. Chini ya utando wake vishimo vya kutu ya zamani vyaonekana kama makovu ya ndui. Kaka akauliza kama yafaa kuibandua na kuurudisha ule weusi. Fundi akakataa kabisa: kila msasa unapopita huondoka na kipande cha herufi, na pasipo herufi hakuna wa kuijua bastola hii ni ya lini. Thamani aliyoitaja ilikuwa ndogo kuliko matumaini ya kaka, na ikaandikwa hivyo hivyo katika hesabu.

Ilibaki kumwambia ami yetu, mtoto wa pekee wa babu aliye hai, ambaye hata matangani mwa baba alikisimulia kisa kile mbele ya watu. Siku tatu tuliahirisha. Mwisho tukaenda, tukamkuta barazani akitafuna tambuu, tukamweleza mpini, mwaka, vishale na nikeli.

Akasikiliza hadi mwisho. "Wanangu," akasema, "baba hakusema aliiokota. Alisema, 'Niliipata wakati wa Waingereza.' Kuiokota tuliongeza sisi, tulipokuwa wadogo. Na hiyo nikeli nakumbuka. Hewa ya bahari ilikuwa imeila kwa kutu, akaipeleka kwa fundi aliyekuwa akichovya masinia."

Tukamwuliza, je, ami, aliipata kwa nani?

Akatema tambuu, akasema hakupata kumwuliza, kwa kuwa kisa cha kuokota kilikuwa kitamu zaidi.