Anayeachwa na Kwao

Milima ya Ngong imo Kajiado, lakini walimwengu wengi waliijua kupitia majonzi ya mtu aliyeiacha. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, alishindwa na kilimo cha kahawa, akarejea kwao, na mwaka wa 1937 akachapisha kitabu chake Out of Africa. Mwaka wa 1985 Sydney Pollack alikigeuza kuwa filamu, nayo ikatunukiwa tuzo saba za Oscar. Mtazamaji huonyeshwa nyika pana isiyo na ua, ndege ndogo ikipaa juu yake, na muziki wa John Barry ukidokeza kwamba kuna kitu kitakachopotea. Ni kazi nzuri, wala hakuna haja ya kulikana hilo. Hata hivyo, mwenye uchungu wa nyumbani humo ni mgeni, nao wenyeji ni sehemu ya mandhari.

Kiswahili hulieleza jambo hili kwa mafungu: hamu ya nyumbani, upweke, ukiwa, ugeni. Aghalabu tunapoyatumia maneno haya tunachukulia kwamba mtu ndiye aliyesafiri na nyumbani pamebaki palipokuwa. Ndivyo ilivyo katika "Charonyi ni Wasi", wimbo wa miaka ya 1970 wa Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa Kenya iliyoongozwa na Habel Kifoto. Wimbo huo wa Kitaita unahusu taabu ya kuwa mbali na kwenu. Redio inapoupiga usiku, mpangaji wa Kitengela, tuseme mama wa Kitaita anayeshona nguo katika viwanda vya EPZ huko Athi River, huongeza sauti. Jirani yake Mkisii hajui hata neno moja la Kitaita, lakini naye hunyamaza kusikiliza. Gitaa limekwisha kumtafsiria.

Je, mwenye nyumba wao, mzee wa Kimaasai, atasikiliza wimbo gani? Wamaasai wa Laikipia walihamishwa kusini kwa mkataba wa 1911. Hao angalau walijua walikotoka. Mzee huyu hakuhama. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa miaka ya 1980, kila mtu akapewa hati yake, hati zikazaa ploti, ploti zikazaa nyaya na kuta za mawe. Nyumbu waliozoea kutoka Mbuga ya Nairobi kupitia upande wake wa kusini, usio na ua, wakakuta njia imezibwa. Wapo watakaosema kwamba mzee aliuza mwenyewe. Kweli aliuza; karo ya shule hailipwi kwa mandhari. Nyimbo za kusifu fahali bado anazijua, na wajukuu wake huzicheza arusini kwa spika za kukodi, ilhali fahali wenyewe wamepelekwa mbali kutafuta majani.

"Mzee, hapa palikuwa nini zamani?" mpangaji alimwuliza siku moja.

"Hapo unapolala, ndama walikuwa wakilala."

Mtengenezaji wa filamu atakayetaka kumwonyesha mzee huyu atapata kazi ngumu. Hakuna stesheni, hakuna meli, hakuna mkono wa kuagana. Yupo mzee ameketi kibarazani mwake tarehe tano ya mwezi, akihesabu kodi, na mpangaji anayetaka kujua kama maji ya kisima yatatoka kesho.