Mlinde Msimulizi

Kila Agosti, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya Marekani, nimekuwa nikifanya kazi ambayo ndugu zangu wa Tanga huniomba niwaeleze upya kila tukizungumza. Ninapanga michezo ya kuigiza ya mezani katika Gen Con, tamasha kubwa la michezo linalofanyika Indianapolis. Mchezo wenyewe ni huu: watu watano au sita wanakaa mezani, kila mmoja ana karatasi ya mhusika wake, awe shujaa, mchawi au mwizi. Pamoja nao anakaa msimulizi. Yeye hueleza mahali walipo na jambo linalowakabili, wachezaji husema watafanya nini, na penye shaka dadu hukata shauri. Baada ya muda wa saa nne kisa kinakwisha, na watu waliokutana asubuhi ile wanaagana kwa majina ya wahusika wao.

Wajibu wangu ni kuhakikisha meza ipo, viti vipo, na msimulizi amefika akiwa amelala vya kutosha na sauti yake kooni. Katika miaka yote hii nimefikia imani moja ambayo naitetea mbele ya yeyote: ukimtunza msimulizi, tamasha litajiendesha. Ukimchosha, hakuna bango wala jukwaa litakalokuokoa.

Nilifika Indiana kumfuata mume wangu aliyekuwa akisoma. Nikapata kazi Plainfield, mji ulio magharibi ya Indianapolis, uliojaa maghala ya mizigo. Nilianza kwa kufunga maboksi, baadaye nikafanywa msimamizi wa zamu ya usiku. Msimamizi wa zamu lazima ajue nani yupo, nani hayupo, nani amechoka kiasi cha kujiumiza, na nani anaweza kushika nafasi ya mwenzake. Hapo ghalani mfanyakazi mwenzangu mmoja alinialika kwao Jumapili jioni kucheza. Sikuona ugeni wowote. Nimelelewa na bibi hodari wa ngano. Akisema paukwa tukaitikia pakawa, na katikati ya kila hadithi palikuwa na wimbo. Tusipouitikia, hadithi haiendi mbele. Msikilizaji kwa bibi alikuwa na kazi yake. Mezani pale niliikuta kazi ileile, ila sasa msikilizaji alipewa na upanga.

Mwenzangu huyo ndiye aliyenipeleka Gen Con. Tamasha hilo lilianzishwa mwaka 1968 na Gary Gygax katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ndani ya ukumbi wa chama cha wakulima wa bustani. Waliohudhuria walikuwa wapenzi wa michezo ya vita, ile ya askari wadogo wanaopangwa juu ya meza. Mwaka uliofuata, katika tamasha hilohilo, Gygax alikutana na Dave Arneson wa Minnesota. Kutokana na ushirika wao ukatoka mchezo wa kuigiza wa mezani uitwao Dungeons & Dragons mwaka 1974, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Tamasha lilihamia Kenosha, kisha Milwaukee, na tangu mwaka 2003 liko Indianapolis. Mwaka 2023 waliohudhuria walizidi 70,000.

Historia hiyo inanihusu kwa sababu kazi yangu ilizaliwa humo. Katika miaka ya 1970 mchezo huu kwenye matamasha ulikuwa mashindano. Meza nyingi zilipewa kisa kimoja, na waliofika mbali zaidi wakahesabiwa washindi. Kisa mashuhuri cha Gygax, Tomb of Horrors, kilichezwa hivyo katika tamasha la Origins mwaka 1975. Mwaka 1980 kikaundwa chama cha wachezaji, RPGA, na baadaye kikaja na visa vya kuendelea, ambapo mhusika wako alikua mwaka hadi mwaka hata ukicheza katika mji mwingine na msimulizi mwingine. Mwaka 2008 ukaanza mpango wa Pathfinder Society kwa mtindo huohuo. Mashindano yalipopungua nguvu, yakabaki mahitaji mazito zaidi: mtu anayesafiri kutoka jimbo la mbali na mhusika aliyemlea miaka mingi anataka msimulizi aliyekisoma kisa na kukielewa. Lazima mtu amtafute msimulizi huyo, amwandike, na ahakikishe amepumzika.

Kazi ya kundi letu la wapangaji inaanza wakati wa theluji. Tunaandika orodha ya visa, tunaeleza kila kimoja kwa sentensi chache, tunataja kinafaa watu wa umri gani na kama mgeni kabisa anaweza kukicheza. Tunaomba nafasi na vyumba. Msimu wa kuchipua majani tiketi hufunguliwa, na visa vinavyopendwa hujaa papo hapo. Wakati huo mimi nimekwishageukia ratiba ya wasimulizi. Tamasha huwa na siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Zamu za kundi letu ni tatu: saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, saa saba hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja usiku hadi saa tano. Wasimulizi hawalipwi mshahara. Wanapata beji ya kuingilia, na baadhi yao kitanda katika chumba cha watu wanne. Wanasoma visa nyumbani kwa muda wao, wananunua vifaa kwa fedha zao, na wengine hutumia likizo yao ya mwaka mzima kwa siku hizo.

Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumtumia vibaya, kwa sababu hakatai. Ukimwomba zamu ya tatu siku moja, atakubali. Kwa hiyo nilileta sheria za ghalani. Hakuna zamu zaidi ya mbili kwa siku. Aliyesimulia usiku hapangiwi asubuhi inayofuata. Kila mmoja ana nusu siku ambayo ni yake mwenyewe, acheze, atembee au alale. Na kwa kila wasimulizi kumi, wawili ni wa akiba. Wenzangu waliponiambia akiba ni kupoteza watu, nilijibu kwamba ghala lisilo na mtu wa akiba husimama siku mtu mmoja anapougua.

Jumamosi moja asubuhi sheria hiyo ilijitetea yenyewe. Jumamosi ndiyo siku yenye umati mkubwa. Nje ya ukumbi, wenye tiketi walikuwa wamepanga mstari upande mmoja. Upande wa pili walisimama wanaongojea viti vitupu, mkononi wana tiketi za jumla, zisizotaja kisa maalumu, zilizouzwa dola 2 kila moja. Dakika kumi kabla ya saa mbili simu ikaita: wasimulizi wawili waliolala chumba kimoja wameamka na homa. Nyuma yangu alikaa msimulizi mmoja wa akiba, kahawa mkononi, kisa ameshakisoma. Mwenzake alikuwa amekwishapelekwa chumba kingine. Huyo nikampa meza ya kwanza. Wachezaji sita wa meza ya pili nilianza kuwagawa kwenye meza zenye wachezaji watano. Kati yao walikuwapo baba na binti yake, mtoto wa miaka kumi hivi, amekumbatia mfuko wake wa dadu kifuani. Hao sikukubali kuwatenganisha. Nilimwendea kijana mmoja mzoefu, nikamwomba ahame ili viti viwili vipatikane meza moja. Alikusanya karatasi zake akaenda, na kabla hajaondoka akamwachia binti yule dadu yake ya pande 20, ya bluu. Saa mbili na robo ukumbi wote ulikuwa unacheza.

Adui mwingine wa msimulizi ni kelele. Katika ukumbi wa meza nyingi kila mtu hupaza sauti ili kumshinda jirani, na jirani naye hupaza zaidi. Kufikia Ijumaa jioni utawakuta watu wazima wakinong'ona kwa sababu sauti zimekauka. Kuna mambo yanayosaidia. Meza za watoto na za wasiosikia vizuri huwekwa katika vyumba vidogo vya hoteli, vilivyounganishwa na ukumbi mkuu kwa njia za juu ya barabara. Visa vyenye vita vingi huwekwa kando ya kuta. Kati ya meza na meza huachwa nafasi ya mtu kupita bila kugusa kiti. Nami huja na chupa kubwa za chai ya tangawizi, iliyopikwa kama inavyopikwa kwetu, na kila msimulizi anajua ilipo. Nusu saa kabla ya zamu kwisha ninapita meza kwa meza na kuinua kadi ya njano. Sipigi kengele wala sitangazi, maana tangazo likikatiza maneno ya msimulizi kwenye kilele cha kisa, uzuri wa kisa chote umepotea.

Na kuna kumlinda msimulizi na wachezaji wake kwa namna nyingine. Watu wasiojuana wanapotunga hadithi pamoja, mmoja anaweza kugusa jeraha la mwenzake bila kujua. Siku hizi meza zetu zote zina kadi yenye alama ya X katikati, mbinu iliyobuniwa na Mmarekani John Stavropoulos. Mchezaji yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa huachwa, hadithi hubadili njia, na hakuna anayedaiwa maelezo. Wazee wa mchezo walinung'unika mwanzoni. Mimi niliipenda tangu siku nilipomwona mama mmoja akiigusa wakati kisa kilipofika kwenye mtoto aliyezama mtoni. Msimulizi akasema mtoto ameonekana ng'ambo, salama, akaendelea. Mama yule alicheza hadi mwisho. Bila kadi ile angeinuka akaondoka, na msimulizi angebaki na lawama moyoni.

Mwaka 2020 tamasha la ana kwa ana lilifutwa kwa sababu ya korona, watu wakakutana kwa intaneti. Mwaka 2021 lilirudi mwezi Septemba badala ya Agosti, watu wamevaa barakoa na wamepungua sana. Kusimulia saa nne nyuma ya barakoa ni kazi nzito. Tulifupisha visa, tukaongeza mapumziko, tukapunguza wachezaji kwa kila meza. Wasimulizi waliokuja mwaka ule waliendelea kuja miaka iliyofuata, na wengi waliniambia sababu ni kwamba walijua hawatatupwa kwenye zamu kisha wasahauliwe.

Jambo linalonifurahisha zaidi limekuja karibuni. Vijana wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Indiana, wa kutoka Kongo, Tanzania na Kenya, wamekuwa wakija kwangu jioni kucheza. Kisa chao cha kwanza nilikitunga mwenyewe: mji wa pwani, jahazi lililorudi bandarini bila nahodha, na mzee anayejua siri ya jahazi hilo lakini hasemi mpaka atoe fumbo na wachezaji walifumbue. Mmoja wao, kijana aliyezaliwa kambini Kigoma, alinijia baada ya miezi kadhaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kusimulia mimi. Lakini nikikwama?"

"Ukikwama waulize wao wanafanya nini. Hadithi ni yao pia."

Alisimulia nyumbani kwangu kwanza, mara nyingi, kisha nikamwandika kwenye ratiba ya tamasha: zamu moja, mchana, chumba kidogo, wachezaji watano. Nilikaa mlangoni na daftari langu. Meza yake ilikuwa na Wamarekani watupu, na kisa chake kilikuwa kile cha jahazi, kwa Kiingereza. Alipofika kwenye fumbo la mzee alisimama, akashika kingo za meza, akalitamka polepole. Wachezaji walibishana kwa robo saa nzima. Yeye akawaacha wabishane, hakuwasaidia hata kidogo, na hapo nikajua amehitimu. Baadaye aliomba zamu nyingine jioni ileile. Nilimpa chai, nikamwambia akapumzike.

Anayejua kamati za harusi za kwetu anaijua kazi hii: wageni wanakumbuka chakula na ngoma, na wachache wanajua nani alihesabu viti. Sina kinyongo na hilo. Ninachokitaka ni kwamba wanaohesabu viti wamhesabu na yule anayesimama mbele ya wageni. Nimeona matamasha madogo yakifa baada ya miaka miwili mitatu, na wachezaji walikuwa bado wapo, wenye hamu na fedha. Wasimulizi ndio waliokuwa wameondoka, mmoja mmoja, bila kugombana na mtu, kwa sababu walichoka.

Kwa hiyo wewe uliye Dar es Salaam, Nairobi, Bukavu au Muscat, unayetaka kuanzisha siku ya michezo ya namna hii mjini kwako, usianze na bango wala ukumbi mkubwa. Watafute wasimulizi watatu wanaopenda kusimulia. Wape zamu mbili, ya tatu wapumzike nao wacheze. Weka mtu wa akiba hata kama unadhani hutamhitaji. Weka maji mezani, na mtu wa kuwauliza mwisho wa siku kama wamekula. Meza tatu zenye wasimulizi wenye afya zitakuwa sita mwaka ujao, maana mchezaji aliyesimuliwa vizuri hutaka naye kusimulia, na huyo ndiye utakayemwandika kwenye ratiba ya mwakani.