Kodi ya Mwezi kwa Mwezi

Watu wengi wa Nairobi hupanga chumba kwa mapatano ya mdomo tu: mpangaji hutoa kodi, hupewa ufunguo, basi. Mwenye nyumba hudhani aweza kumfukuza siku apendayo. Naye mpangaji hudhani aweza kuhama usiku pasipo kuaga. Wote wawili wamekosea.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba muda na notisi visipotajwa, upangaji hufuata kipindi cha kulipa kodi. Alipaye kila mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Atakaye kuuvunja upangaji huo, awe mwenye nyumba au mpangaji, sharti atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishe siku ya kulipa kodi. Ikiwa kodi hulipwa tarehe 1, notisi iliyotolewa tarehe 10 Machi haiishi tarehe 10 Aprili, bali tarehe 1 Mei.

Muda huo wawafaa wote: mmoja awatafutie watoto wake pa kulala, mwingine atafute mpangaji mpya kabla chumba hakijakaa kitupu. Lakini neno la mdomo hukanwa upesi. Basi notisi iandikwe, itiwe tarehe, na stakabadhi za kodi zitunzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.