Nungu wa Bahari katika Mwamba wa Mombasa

Wasomaji wapenzi wa Kalemie na Uvira, mnyama huyu msimtafute katika ziwa Tanganyika. Katika ukoo wake hakuna hata mmoja aishiye katika maji matamu. Mimi nilimwona mara ya kwanza huko Nyali, karibu na Mombasa, siku ya bamvua, maji yalipokupwa hata tukaweza kwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba.

«Angalia usikanyage, mwalimu!» akasema mvuvi mzee aliyenitangulia. Nikainama. Katika ufa wa jiwe palikuwa na kitu cheusi cha mviringo, chenye miiba myembamba kama sindano, mingine yapita shubiri. Kivuli changu kilipokiangukia, miiba yote ikageuka kunielekea. Nikamkumbuka nungunungu wa kwetu. Basi na tumwite nungu wa bahari. Wataalamu humwita Diadema setosum, na diadema ni neno la Kiyunani, maana yake taji. Juu yake kuna pete ya rangi ya chungwa. Wageni hudhani ni jicho, kumbe ndipo atoleapo mavi! Kinywa ki chini, chenye meno matano. Usiku hutoka kukwangua majani ya bahari juu ya mawe. Mwiba wake huvunjikia mguuni, tena una sumu: haiui, lakini inauma sana.

Hata hivyo si adui. Asipokuwapo, majani huyafunika matumbawe. Lakini akizidi, meno yake huyala matumbawe yenyewe, na samaki hukosa makao. Amzuiaye ni kikande, samaki awezaye kuvunja gamba lake. Kikande walipovuliwa mno, nungu wakajaa mwambani. Mwaka 1986 serikali ya Kenya iliitenga sehemu ya bahari mbele ya Nyali na Bamburi iwe hifadhi. Uvuvi ulipokomeshwa humo, samaki wakarudi, nungu wakapungua.

Nikamsifu kikande mbele ya yule mzee. Akacheka kidogo.

«Mwanangu, kikande nimewavua tangu utoto wangu, na kwa samaki nimesomesha watoto. Tukikatazwa hapa, twasongamana kule, na kule nungu ndio hao wanaojaa.»

Sikuwa na la kumjibu. Maji yalikwisha kuanza kujaa. Akachukua ndoo yake, akanionyesha pa kuweka mguu.