Nasaha kwa Kijana wa Ng'ambo Anayekusudia Kujenga Tovuti

Kwa mtoto wa ndugu, Miembeni, Ng'ambo, Unguja.

Barua hii inamwendea kijana aliyemwarifu ami yake kwamba anakusudia kujenga tovuti, yaani mkusanyo wa kurasa unaofunguliwa kwa anwani moja katika intaneti, na kuzihifadhi humo habari na picha za mtaa wake. Nia hiyo ni njema na inastahiki kuungwa mkono, lakini kabla ya kuchagua rangi na maumbo inafaa kijana ajiulize kurasa hizo zitakuwa mikononi mwa nani baada ya miaka 20.

Mnamo tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN, mahali ambapo Tim Berners-Lee alibuni mfumo wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo, kiliutoa mfumo huo kwa watu wote bila malipo, na kwa sababu hiyo kijana wa Miembeni ana haki ileile ya kufungua tovuti yaliyo nayo mashirika makubwa. Hata hivyo, wengi huiacha haki hiyo na kuweka kila walicho nacho katika nyumba za wengine. Huduma ya GeoCities, iliyoanza mwaka 1994 na iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa na kampuni ya Yahoo mwezi Oktoba 2009, na kilichosalia ni kile ambacho wahifadhi wa kujitolea waliwahi kukinakili. Facebook na Instagram zinafaa kwa kuwaita wasomaji. Lakini asili ya picha na maandishi isikae huko peke yake.

Hatua ya kwanza, basi, ni kusajili jina la kikoa, yaani jina ambalo msomaji huliandika ili aifikie tovuti. Majina yanayoishia na .tz yaliwekwa chini ya usimamizi wa kituo cha tzNIC kilichoundwa mwaka 2006, na miongoni mwa migawanyo yake imo me.tz, iliyokusudiwa watu binafsi. Jina hukodiwa kwa muda, haliuzwi moja kwa moja, kwa hiyo kijana ahakikishe kwamba limesajiliwa kwa jina lake mwenyewe wala si la fundi aliyemsaidia, na kwamba tarehe ya kulilipia tena inajulikana na mtu mwingine mmoja nyumbani, kwani jina lililoachwa likamalizika muda huweza kuchukuliwa na mgeni.

Kuhusu seva, ambayo ni kompyuta inayowaka usiku na mchana ikiwapa wasomaji kurasa, haifai iwe ndani ya nyumba. Watu wa Unguja wanakumbuka kwamba tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa bila ya umeme kutoka Tanzania Bara, kwa kuharibika kwa mfumo unaouleta kwa waya wa chini ya bahari, na mwaka 2008 yalikwishatokea kama hayo kwa takriban mwezi mmoja. Nafasi ikodiwe kwenye kampuni yenye umeme wa akiba, na nakala kamili ya kila faili ibaki katika diski nyumbani, na nyingine kwa jamaa wa Pemba au Maskati.

Wasomaji wake wengi watafungua kurasa kwa simu, kwa bando la kununua. Maandishi ya maneno 1,000 hayafiki kilobaiti 10, ilhali picha moja iliyotoka kwenye simu ya leo huweza kupindukia megabaiti 3, uzito unaozidi kurasa mamia kadhaa za maandishi kama hayo. Picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa, na asili zake zihifadhiwe pembeni. Kurasa zenyewe ziandikwe kwa HTML ya kawaida, yaani alama zinazokieleza kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kipi ni kichwa, kipi ni aya na kipi ni kiungo, kwa kuwa ukurasa wa namna hiyo ulioandikwa miaka ya 1990 unafunguka mpaka leo.

Yaliyobaki ni yale yatakayoandikwa, na hapa ndipo ami yake anapomtaka akae sana. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na umeandikwa na wageni kwa wingi. Ng'ambo, upande wa pili wa mji waliko wakaazi wengi, imeandikwa kidogo, ingawa kitabu cha ramani na kumbukumbu zake, Ng'ambo Atlas, kilitoka mwaka 2019. Mpango wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ulizaa majumba ya Michenzani, na nyumba nyingi za udongo zikabomolewa ili kuyapisha. Waliokaa katika nyumba hizo wangali wapo, lakini ni wazee. Awaendee, aandike nani alikaa wapi, ngoma zilichezwa uwanja gani, na chini ya kila picha aweke mahali, mwaka na aliyeitoa, kwa sababu picha isiyo na maelezo hupoteza faida yake pindi mwenye kuikumbuka anapofariki.

Pamoja na hayo, sitara ya watu itangulie. Picha za harusi na za ndani ya nyumba zisipandishwe mpaka wenyewe, khasa wanawake waliomo, wakubali kwa kujua kwamba zitaonwa na ulimwengu mzima; na atakayebadili rai baadaye, picha yake iondolewe siku hiyohiyo bila ya kuulizwa sababu. Vilevile azisome Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania, zilizotungwa mwaka 2018 na kutungwa upya mwaka 2020, kabla ya kuanza kuchapisha habari, na aulize kama zinamhusu yeye aliyeko Unguja.

Aanze na ukurasa mmoja tu, wa uchochoro anaoujua zaidi, na ukishasimama aupeleke kwa bibi yake amsomee kwa sauti, asahihishe majina yaliyokosewa, kisha ndipo aitume anwani kwa ami yake.