Gitaa Lililowekwa Kando

Malenga akishazoeleka kwa bahari moja, wasikilizaji humdai bahari hiyo hiyo maisha yake yote. Deni hili haliwaandami watunzi wa tenzi peke yao. Mwaka 2005 liliwafikia Jack White na Meg White, wanamuziki wawili wa roki kutoka Detroit, Marekani, walioanzisha kundi la The White Stripes mwaka 1997.

Wawili hao walijitungia arudhi yao. Rangi zao zilikuwa tatu tu: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Jack aliimba na kupiga gitaa, Meg akapiga ngoma. Mpiga besi hakuwapo. Ufukara huo wa hiari ndio uliowapa nguvu. Albamu yao ya mwaka 2003, Elephant, iliwatangaza duniani, na tuni ya wimbo wake wa kwanza, “Seven Nation Army”, ingali inaimbwa viwanjani na mashabiki wa kandanda, wengine wao bila kumjua mtunzi.

Basi wapenzi wao wakakaa wakilingoja gitaa. Get Behind Me Satan, iliyorekodiwa nyumbani kwa Jack mjini Detroit na kutolewa Juni 2005, iliwapokea kwa hila. Wimbo wa kwanza, “Blue Orchid”, unanguruma kwa gitaa la umeme kama walivyotaraji. Wa pili, “The Nurse”, unaongozwa na marimba ya vibao, tuni tulivu ambayo ngoma na gitaa huivamia kwa ghafla, kisha zikatoweka. Katika nyingi za nyimbo zinazofuata, “My Doorbell” ukiwa mmojawapo, piano ndiyo inayoshika usukani.

Mapokezi yaligawanyika. Wahakiki wengi waliusifu ujasiri huo. Wengine waliona kazi imeharakishwa, mithili ya rasimu. Miongoni mwa wasikilizaji, waliopenda kishindo walihisi wamepunjwa. Malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi. Msikilizaji aliyeuhifadhi mdundo moyoni huwa amekwisha kuufanya wake, na akiukosa hupotewa na kitu. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanaujua uchungu huo tangu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipochapishwa mwaka 1974, na mjadala ukapamba moto iwapo utungo usio na vina na mizani unastahili kuitwa shairi.

Hata hivyo, mfano huo una mpaka wake. Kezilahabi aliiacha arudhi. The White Stripes walikiweka kando chombo, arudhi wakabaki nayo. Walikuwa bado watu wawili, na nafasi baina ya pigo na pigo waliiacha wazi kama zamani. Aliyesikiliza ili kuhesabu magitaa yaliyokosekana aliikosa nidhamu ile ile aliyokuwa akiipenda. Hata marimba haikuwa mgeni wa kushangaza. Jina lake ni la Kibantu, na ufundi wake ulivushwa Atlantiki na Waafrika waliochukuliwa utumwani, karne nyingi kabla ya kubuniwa gitaa la umeme.

Februari 2006 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy katika fungu la muziki mbadala. Mwaka uliofuata ikatoka Icky Thump, gitaa likiwa limerejea kwa vishindo, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba wawili hao wamelipa deni na kuomba radhi. Lakini ndani ya kazi hiyo mna tarumbeta, mna na zumari za mifuko za Waskoti: mlango uliofunguliwa kwa marimba haukufungwa tena. Hiyo ilikuwa albamu yao ya sita na ya mwisho. Februari 2011 walitangaza kuvunjika kwa kundi. Waliotaka kishindo tu wanacho katika Elephant. Wenye stahamala ya kusikiliza mpaka mwisho wanayo na hii ya 2005, ambayo haikumwomba msikilizaji asahau alichokipenda, bali akitambue kikiwa kimevaa vazi jingine.