Kwa Sadala, Kinanda cha Baba Mkwe na Vidude Vinne

Ukitoka Moshi mjini kuelekea Boma Ng'ombe, unavuka mto Weruweru, halafu kabla hujakaa sawa kwenye kiti kondakta anaita: "Kwa Sadala hao!" Unashuka katikati ya mikungu ya ndizi. Mshare, ndizi za kuiva, maparachichi, vyote vinasubiri kupakiwa. Ukiwahi asubuhi, Kibo unaiona yote, nyeupe juu kabisa. Ikifika saa nne mawingu yameshaifunika, na ukilalamika wenyeji wanakucheka tu.

Sikwenda kutalii, lakini. Nilikwenda ukweni. Mchumba wangu anapiga gitaa, mimi kinanda cha kanisani tangu utoto, na tulikuwa tumepanga kupiga wimbo mmoja siku ya harusi yetu. Kinanda tulichokitaka kilikuwa kwa mama yake, mwendo wa bodaboda kutoka sokoni kwa barabara ya kupanda Masama: Roland Juno-106, sinthesaiza iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Marehemu baba mkwe aliinunua kwa baharia pale Tanga enzi zake za bendi. Tangu afariki ilikuwa imefunikwa kitenge sebuleni.

"Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu. Mtori uko tayari. Hicho kinanda mtakishika mkishakula."

Basi bwana, kasheshe ikaanza baada ya mtori. Mwenzangu alikuja na vidude vyake vinne vya gitaa, zile pedali za kukanyaga kwa mguu: ya mwangwi, ya kukwaruza sauti na nyingine mbili. Adapta yake aliisahau Dar, akanunua nyingine sokoni. Nikaigeuza kusoma maandishi. Volti 12, na ule mchoro mdogo ulionyesha chanya iko katikati. Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9, hasi katikati. Zipo zenye kinga ndani, lakini nyingine ukizigeuzia umeme, kwaheri.

"Wewe nawe unapenda kusoma vitu!" akaniambia, mbele ya mama yake. Niliumia, sifichi. Nikanyamaza, nikaenda kuangalia nyuma ya kinanda. Kimeandikwa volti 100, yaani kilitengenezwa kwa soko la Japani. Umeme wetu ni volti 230. Marehemu alikuwa na transfoma yake ya kupunguza umeme, imelala chini ya meza ndani ya sanduku la mbao, na mwenzangu alikuwa ameshashika waya anatafuta soketi ya ukutani. Nikamwonyesha maandishi bila kusema neno. Akakaa chini.

Hapo mama mkwe akasema jambo lililobadilisha siku nzima: "Sauti zake mzee zimo humo ndani. Alizitengeneza mwenyewe."

Kinanda kile kinahifadhi sauti 128, na kinachozishikilia ni betri ndogo iliyochomelewa ndani. Ikifa betri, zinafutika zote. Kwa hiyo pedali tuliziweka pembeni. Tukamwita fundi redio wa pale sokoni, mzee mmoja mpole. Akakifungua, akapuliza vumbi, akakagua kapasita zisije zikawa zimevimba, ndipo akakiwasha kupitia transfoma. Taa zikawaka. Mama akashika shavu.

Nyuma kuna tundu la kuhifadhia sauti kwenye kaseti. Tulichomeka redio kaseti ya mama, tukarekodi makelele yale kama ya faksi, mara mbili, tukahakiki kwamba yameingia sawa. Baada ya hapo tu ndipo fundi alipobadilisha betri, na sauti zikarudishwa kutoka kwenye kaseti. Swichi ya kulinda kumbukumbu tukairudisha mahali pake, mtoto asije akabonyeza.

Pedali zilisubiri siku ya pili, mwenzangu aliporudi na adapta sahihi kutoka mjini. Akaniuliza mwenyewe, kwa upole: "Tuanzie wapi?" Kinanda kinatoa sauti kubwa kuliko gitaa, na pedali ya gitaa imezoea kidogo kidogo. Kwa bahati Juno ina swichi ya kiwango huko nyuma, ndogo, kati na kubwa. Tukaweka ndogo, volyumu chini kabisa, tukaunganisha kila waya vyote vikiwa vimezimwa: kinanda, pedali, kisha amplifaya. Waya wa kinanda unaingia upande wa kuingizia wa pedali, usije ukageuza. Na ule waya wa amplifaya unaokwenda kwenye spika usiuchomeke kwenye pedali hata kwa utani, maana una nguvu ya kuunguza.

Ile ya kukwaruza ilitoa kelele za ajabu, tukaiacha. Ya mwangwi ikakubali vizuri mno. Mwenzangu akanipisha nikae mimi kwenye kinanda, akakanyaga kwa mguu wake, na tukapiga hivyo mpaka jioni, watoto wa jirani wamejaa mlangoni.

Mama akatoka jikoni, anafuta mikono.

"Weka B, tano, mbili."

Nikaweka. Sauti nzito, laini, kama filimbi nyingi kwa mbali. Akasikiliza kidogo, kisha akamgeukia mwanawe: "Zima hivyo vidude vyako baba, nikisikie chenyewe."